Pepopunda si Pepo wala Punda

Wazee walioupa ugonjwa huu jina walimwona mgonjwa amekakamaa mwili mzima, meno yameumana, shingo imevutwa nyuma na mgongo umepinda kama upinde, huku akili yake ikiwa timamu na macho yakitazama. Wakaamua kwamba hiyo si kazi ya mwili bali ni ya pepo. Jina likakaa mpaka leo, na kwa maoni yangu limewagharimu watoto wengi maisha yao. Maana mama akiambiwa kwamba mtoto wake ana pepo, hatafuti zahanati. Anatafuta mtu wa kumkemea huyo pepo, na saa zinakwenda.

Mimi ni muuguzi na pia nahudumu kanisani, kwa hiyo maombi siyapingi hata kidogo. Ombi langu ni kwamba tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali, iwe Rubya, Ndolage, Kagondo au Hospitali ya Mkoa pale Bukoba mjini, wala tusisubiri maombi yaishe ndipo tutafute pikipiki.

Mpendwa msomaji, karibu kila mama aliyepita kliniki anaijua "sindano ya pepopunda". Lakini ukimwuliza inazuia nini hasa, na kwa nini achomwe yeye wakati anayelindwa ni mtoto, wengi hunyamaza na kucheka. Nataka leo tuingie ndani kidogo, mpaka ndani ya mishipa ya fahamu kabisa, kwa sababu jambo lenyewe ni la ajabu na mtu akilielewa hasahau tarehe yake ya kliniki.

Vimelea vinaishi kibanjani

Pepopunda huletwa na bakteria anayeitwa Clostridium tetani. Makao yake ni udongo na vinyesi vya wanyama. Hali ikiwa mbaya kwake hujifunga ndani ya ganda gumu akawa kama mbegu, na mbegu hiyo yaweza kukaa udongoni miaka mingi ikingoja. Kuichemsha kwa dakika chache hakutoshi kuiua. Ndiyo maana vyombo vya upasuaji hupikwa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 121 ndani ya chombo kilichofungwa kwa shinikizo.

Hebu basi fikiria kibanja cha Kihaya. Tangu enzi za mababu mgomba wetu umelishwa samadi ya ng'ombe na kufunikwa nyasi, na ndiyo siri ya ndizi kustawi mahali pamoja kizazi hadi kizazi. Ni kilimo kizuri, wala simwambii mtu aache samadi. Lakini mama anayelima humo pekupeku, akiwa na jembe mkononi na mtoto mgongoni, anaishi na vimelea hivi kila siku ya maisha yake. Hakuna wizara itakayovimaliza udongoni.

Juu ya ngozi nzima havidhuru. Vinangoja mahali pasipo na hewa: tundu refu la msumari, mwiba uliozama, kisiki kilichochana unyayo, kidonda chenye nyama iliyokufa. Watu husema kutu ndiyo iletayo pepopunda. Kutu yenyewe haina kosa. Msumari wenye kutu ni msumari uliolala kwenye uchafu muda mrefu, tena ukichoma huchoma kwa kina.

Na kuna jeraha moja ambalo kila mwanadamu huzaliwa nalo, nalo ni kitovu. Kikikatwa kwa wembe uliokwisha kutumika, kikifungwa kwa uzi au kamba ya mgomba iliyookotwa, au kikipakwa udongo, majivu au kinyesi cha ng'ombe ili "kikauke upesi", mbegu zile zimefikishwa mahali pazuri kuliko pote.

Meli isiyoweza kufunga gati

Bakteria mwenyewe hatembei mwilini. Anabaki kwenye jeraha, mara nyingi jeraha dogo ambalo limekwisha kusahaulika, na hapo anatengeneza sumu. Sumu hiyo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Kiasi kinachoweza kumwua mtu mzima ni kidogo mara mamia kuliko chembe moja ya chumvi ya mezani. Hushika ncha ya mshipa wa fahamu ulio karibu na jeraha, ikaingia, ikasafiri kurudi nyuma mpaka kwenye uti wa mgongo. Safari hiyo huchukua siku kadhaa. Kwa kawaida dalili huanza kati ya siku ya 3 na ya 21, na jeraha lililo karibu na kichwa huleta dalili mapema kuliko la unyayoni, kwa kuwa njia ni fupi.

Ili tuelewe inachofanya ikifika, hatuna budi kujua jinsi mishipa ya fahamu inavyoongea. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Ndani ya kila seli mna vijifuko, na vijifuko hivyo ndivyo vyombo vya usafiri. Seli ikitengeneza kitu cha kupeleka nje, hukifunga ndani ya kijifuko, kijifuko kikasogea mpaka ukutani, kikaungana na ukuta, na mzigo ukamwagika upande wa pili. Seli za fahamu hupelekeana ujumbe kwa njia hiyo hiyo, kwa haraka ambayo huwezi hata kuihesabu.

Fananisha na meli inayotoka Mwanza ikifika gati la Kemondo au la Bukoba. Kufika peke yake hakutoshi. Lazima kamba itupwe, ifungwe, meli ivutwe mpaka iguse gati, ndipo wapagazi waanze kushusha. Kijifuko nacho kina kamba zake. Ni protini iitwayo sinaptobrevini, ambayo wataalamu huiandika pia VAMP2. Imeota juu ya kijifuko kama nywele, nakala zipatazo 70 kwa kijifuko kimoja. Kwenye ukuta wa seli zipo protini nyingine mbili zinazoingoja. Zikikutana zote tatu hujisokota pamoja kama mikono ya msusi inavyosokota nywele, na kule kujisokota ndiko kunakokivuta kijifuko mpaka kikaungana na ukuta. Kazi ya kuyafahamu mambo haya ya usafiri ndani ya seli iliwapatia wanasayansi watatu, James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013.

Sumu ya pepopunda ni mkasi. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Padova huko Italia, akiwemo Cesare Montecucco, walionyesha kwamba inachokata ni hiyo sinaptobrevini, na kwamba inaikata mahali pamoja tu, pale pale kila mara. Meli ipo, mzigo umo ndani, gati liko mbele yake, lakini kamba imekatwa. Mzigo haushuki.

Sasa utaniuliza, ikiwa ujumbe haushuki, mbona mgonjwa anakakamaa badala ya kulegea? Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye aina ya mzigo. Kunja kiwiko chako. Msuli wa mbele umekaza, na wakati huo huo msuli wa nyuma umeambiwa ulegee. Kila tendo la mwili lina amri mbili, moja ya kukaza na moja ya kulegeza. Sumu ya pepopunda huingia hasa kwenye zile seli za uti wa mgongo zinazopeleka amri ya kulegeza. Amri hiyo ikikatika hubaki ya kukaza peke yake, misuli ya mbele na ya nyuma ikavutana pamoja. Taya hufunga. Uso unakazwa hata mgonjwa akaonekana kama anacheka, naye hacheki. Mlango ukigongwa, taa ikiwashwa au mtu akimgusa tu, mwili wote unakakamaa kwa maumivu makali, na fahamu zipo. Kinachoua mara nyingi ni pumzi, kwa sababu misuli ya kupumulia nayo imefungwa.

Hapo ndipo penye tofauti na degedege la malaria, ambalo mtoto hupoteza fahamu na mwili ni wa moto. Yote mawili ni ya kukimbizwa hospitali, kwa hiyo mama usikae nyumbani ukipima ni lipi.

(Kwa kando kidogo: ile dawa ambayo wanawake matajiri wa Ulaya na Marekani huchomwa usoni ili kuondoa makunyanzi inatokana na sumu ya ndugu wa bakteria huyu. Nayo ni mkasi, ila hukata kamba ya upande wa gati na huzuia amri ya kukaza, ndiyo maana uso hulegea. Mimi makunyanzi yangu nayaacha.)

Kamba iliyokatwa haiungwi

Sumu ikishaingia ndani ya seli ya fahamu hakuna dawa inayoweza kuifuata humo. Hospitalini mgonjwa hupewa kingamwili zilizo tayari, ili zikamate sumu ambayo bado inaelea nje. Hupewa dawa ya kuua bakteria, jeraha husafishwa vizuri, akalazwa chumba chenye giza na utulivu, akapewa dawa za kulegeza misuli, na pumzi yake ikalindwa usiku na mchana. Kisha ni kungoja mwili utengeneze ncha mpya za mishipa ya fahamu, jambo la majuma kadhaa. Uangalizi wa namna hiyo ni mgumu hata katika hospitali kubwa.

Kwa mtoto mchanga hali ni nzito zaidi. Siku mbili za kwanza hunyonya vizuri na kulia vizuri, kila mtu akafurahi. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 14, anaanza kushindwa kunyonya. Mdomo haufunguki, kilio kinakuwa chembamba, halafu mwili unakaza. Bila matibabu karibu wote hufariki. Mama mwenye mtoto wa umri huo aliyekuwa ananyonya na sasa hawezi, asisubiri kumwona akikakamaa.

Jambo jingine ambalo huwashangaza watu ni kwamba aliyeugua pepopunda akapona hana kinga. Sumu iliyotosha kumlaza ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba mwili haukupata kuifahamu. Naye lazima achanjwe kama wengine.

Vijifuko vya mama vinavyovuka kondo

Chanjo ni sumu hiyo hiyo iliyotiwa dawa mpaka haiwezi kudhuru tena. Mkasi umevunjwa ncha, umbo limebaki. Mwili huliona umbo hilo na kutengeneza kingamwili za kulingoja. Hakuna bakteria hai ndani yake, kwa hiyo haiwezi kuleta pepopunda, na huchomwa kwa usalama hata wakati wa ujauzito, na hata kwa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI.

Lakini mtoto mchanga hawezi kutengeneza kinga yake mwenyewe kwa siku chache. Anategemea ya mama. Na hapa usafiri ule ule wa vijifuko unatumika tena, safari hii kwa wema. Ukuta wa kondo una protini ambayo kazi yake ni kukamata kingamwili za mama, kuzisindikiza ndani ya kijifuko kupita upande mmoja wa seli mpaka mwingine, na kuziachia zielekee kwenye damu ya mtoto. Mizigo huongezeka sana miezi ya mwisho ya mimba. Ndiyo maana tunasisitiza dozi ya pili ikamilike angalau majuma mawili kabla ya kujifungua, na ndiyo maana mama anayekuja kliniki kwa mara ya kwanza mwezi wa nane ametubana sote.

Ratiba yenyewe ni hivi. Mama asiyewahi kuchanjwa hupata dozi ya kwanza siku anapofika, ya pili baada ya wiki nne, ya tatu baada ya miezi sita, ya nne baada ya mwaka na ya tano baada ya mwaka mwingine. Akimaliza tano, kinga yake inatosha kipindi chote cha kuzaa. Dozi hizi huhesabiwa zote, hata kama zimepishana miaka, mradi kadi ipo. Tafadhali tunzeni kadi. Shirika la Afya Duniani linashauri siku hizi itumike chanjo inayokinga pepopunda pamoja na dondakoo, kwa hiyo usishangae ukisikia jina limebadilika.

Kwa wenzangu wa Muleba nina neno la ziada. Malaria ikiingia kwenye kondo huharibu usafiri huu, na kingamwili zinazomfikia mtoto hupungua. Virusi vya UKIMWI navyo huupunguza. Wilaya ya Muleba imewahi kupigwa na milipuko mikali ya malaria, mmojawapo ukiwa wa mwaka 2006. Basi mama anayelala ndani ya chandarua, anayemeza dawa za kuzuia malaria kliniki kama alivyoelekezwa, na anayetumia dawa zake za kufubaza virusi bila kuruka, anaifungulia njia hata ile sindano ya pepopunda.

"Kwa nini wanawake tu?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi kwenye vikundi vya akina mama. Halikuanzia kwetu. Mwaka 2014 nchini Kenya maaskofu Wakatoliki walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa miaka 14 hadi 49, wakidai kwamba ina kitu cha kuharibu uzazi. Wizara ya Afya ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Maneno hayo yalivuka mpaka na hata sasa hunong'onwa, hasa pale chanjo inapotangazwa.

Sidharau mtu anayeuliza. Kuuliza kwa nini walengwe wanawake peke yao ni haki, na jibu ni hilo la kondo: baba hana njia ya kumpelekea mtoto kinga kabla hajazaliwa, mama anayo. Kuhusu uzazi, mimi nasema jambo ninaloliona kwa macho. Nimemchoma mama sindano hii kwenye mimba ya kwanza, akarudi nikamchoma kwenye ya pili, akarudi kwenye ya tatu. Kama ingekuwa inafunga uzazi, kliniki zetu za Kagera zingekuwa tupu zamani.

Faida yake inahesabika. Mwaka 1988 inakadiriwa watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani. Mwaka 2021 makadirio yalikuwa 24,000. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya akina mama na watoto wachanga, Uganda mwaka 2011, na Kenya yenyewe mwaka 2018. Ila neno "kutokomeza" hapa lina maana ya kitaalamu: chini ya mtoto mmoja kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Ndui iliondoka duniani kwa sababu haikuwa na pengine pa kuishi isipokuwa kwa wanadamu. Pepopunda ina udongo.

Kwa hiyo mambo ya kuzalia bado ni yale yale. Mikono safi, mahali safi, wembe mpya ambao haujafunguliwa, uzi safi au kibanio cha kitovu, na baada ya hapo kitovu kiachwe kikavu bila kupakwa kitu. Najua mama mkwe anaweza kuja na dawa yake ya kitovu kwa mapenzi mema kabisa. Mkwe hagombezwi. Mwambieni mume azungumze na mama yake mapema, kabla mtoto hajazaliwa. Na kwa wale wa visiwani, Bumbile, Goziba na kwingineko, ambako uchungu unaweza kuanza ziwa likiwa limechafuka, vifaa hivyo viwe vimefungwa kwenye mfuko tangu mwezi wa saba, na kuvuka kuja kusubiri nchi kavu kupangwe mapema.

Baba na bibi

Waliobaki nyuma ni wale wasio na kliniki. Mtoto anapata chanjo hii ndani ya sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Msichana akiwa mjamzito anaipata tena. Mwanamume mzima mara nyingi hajaguswa tangu utoto, na wengi wa umri wangu hawana hata ile ya utotoni. Kuanzia mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipokea taarifa za wanaume waliopata pepopunda baada ya kutahiriwa, katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kagera ni miongoni mwa mikoa iliyokuwa na kampeni ya tohara ya hiari, na ni vema kijana anayekwenda aulize habari ya chanjo kabla ya siku yenyewe. Bibi zetu nao, wanaolima mpaka uzeeni, sindano yao ya mwisho ilikuwa ya mimba ya mwisho, pengine miaka 30 iliyopita, kama waliipata.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilitukumbusha jinsi mamia ya watu wanavyoweza kujeruhiwa kwa dakika moja, wakiwa chini ya matofali na mabati. Huko Aceh, Indonesia, baada ya mawimbi ya Desemba 2004 watu 106 waliugua pepopunda na 20 wakafa, wengi wao watu wazima waliochomwa na mabaki ya nyumba.

Basi baba akijikata panga shambani, au bibi akikanyaga msumari, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi safi na sabuni, uchafu utolewe, na lisifungiwe kwa udongo, majani wala mafuta ya taa. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama damu imekwisha kukata, na hata kama tundu ni dogo. Kadi ya chanjo achukue kama anayo. Asiyekuwa na kadi na asiyekumbuka atahesabiwa kwamba hajachanjwa, ataanza dozi ya kwanza papo hapo, na ya pili atairudia baada ya wiki nne.